Chama cha Makande na Sikio Lisilojua Utani

Babu yangu Kajiru alizikwa kimyakimya, kama mtu asiye na mtani hata mmoja duniani, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Kifo alikwisha kukizoea. Miaka yake ya mwisho alikuwa akikaa nje ya nyumba yetu huku Mamba, juu kabisa milimani Upareni, akimwuliza kila mpita njia kama amepishana nacho huko chini, maana kinachelewa na chakula kinapoa. Lakini kuzikwa bila kutukanwa! Mzee wa watu alikuwa amekosa nini?

Watani walikuja, siwezi kusema hawakuja. Wachagga wa Machame walipanda mlima tangu asubuhi, wamevaa nguo zilizonyooshwa, wakakaa kwenye benchi mikono mapajani. "Poleni sana." "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Nikawatazama mara mbili nihakikishe ndio wenyewe.

Nikamsogelea Mama Shose. Huyu mama ni mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe aliye wilaya nyingine. Bibi yangu alipofariki, Mama Shose alilala chali katikati ya njia, jeneza likasimama, akapiga kelele: "Hazikwi mtu hapa! Atoke kwanza atuonyeshe alikoficha maharage!" Watu walicheka hadi mchungaji akaweka Biblia usoni ajifiche. Ndivyo utani ulivyo, huzuni inafika msibani inakuta kiti chake kimekaliwa.

"Mama Shose," nikamnong'oneza, "leo hututukani?"

Akaelekeza midomo juu ya mlango wetu. Pale juu ilikuwa punje ya Sikio, kidude cheusi saizi ya harage, kilichogandishwa ukutani kama ilivyo kwenye kila mlango wa nchi hii.

"Nikifungua mdomo, Nakijwa," akasema taratibu, "Jumatatu mnapata kiti kingine Barazani. Watoto wangu wamenikataza. Wamesema mama, utani wako umeshatuletea serikali ya Wapare, basi inatosha."

Kisha akanishika mkono kwa heshima, akaniambia pole. Mama Shose! Pole! Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na sikumlilia babu.

*

Kosa lilianzia kwenye msiba ule wa bibi. Mama Shose alipomaliza suala la maharage, alisimama, akajikung'uta vumbi, akatangaza: "Nyie Wapare kwa ubahili huu anzisheni chama! Chama cha Makande! Kura yangu nawapa, ya mume wangu nawapa, mkatawale mkoa mzima, mradi mtuachie sufuria!"

Punje ikasikia.

Tangu karatasi za kura zifutwe, mama yangu akiwa msichana, hatupangi foleni. Tunaongea tu. Sikio linasikiliza milango yote, linaokota maneno yanayohusu utawala, linajumlisha nia za watu, na kila Jumatatu linatangaza nani ana viti vingapi. Halikamati jina la mtu. Linapima pumzi. Mwongo pumzi yake hujikwaa, hata kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na Sikio humtupa nje. Mkweli pumzi yake hunyooka.

Sasa niambie, pumzi ya mtani ikoje? Mtani akisema Mpare anaweza kuuza ng'ombe mzima aendeshe kesi ya kuku, anajikwaa? Hajikwai! Anasema kama anayesoma amri kumi. Waliolitengeneza Sikio walisoma sana, walijua kweli na uongo, ila hakuna aliyewaambia kuna kitu cha tatu.

Ule mzaha ukashuka mlima haraka kuliko sisi. Ukafika Machame, ukaingia Rombo, ukatembea Moshi mjini. Mtu akinyimwa chumvi na jirani: "Kura yangu kwa Makande!" Mtoto akificha pipi: "Huyu wa Makande huyu!" Na Jumatatu moja redio ikatangaza, bila hata kukohoa: Chama cha Makande, viti viwili.

Hatukuwa na bendera. Hatukuwa na chama! Lakini sheria inasema chama kilichosikiwa lazima kikae, basi ikabidi tukae. Uenyekiti tukampelekea Mzee Senkondo Mmbaga, aliyekubali kabla hatujamaliza kumsalimia, kwa sharti moja: aruhusiwe kushtaki watu kwa jina la chama. Mzee yule anapenda mahakama kama wengine wanavyopenda mpira. Mimi nikapewa ukatibu mwenezi, sifa yangu ikiwa mdomo. Bendera tukachora sufuria.

Na kadiri tulivyokaa ndivyo ilivyozidi kuchekesha, na kadiri ilivyochekesha ndivyo tulivyoongezewa viti, mpaka Chama cha Kesho, chenye nguvu kuliko vyote mkoani, na ambacho kila ukikidai ahadi kinakujibu kwa jina lake, kikawa hakiwezi kupitisha hata azimio la kufagia ofisi bila sisi.

Tukaomba kitu kimoja tu. Kamba.

Kamba ya chuma, ya vibanda vinavyoning'inia, kutoka Mamba juu hadi barabara ya lami kule tambarare. Barabara yetu kila masika hukatika. Tangawizi inashuka kichwani kwa mama zetu, na wagonjwa wanashuka kwenye machela migongoni mwa vijana. Dada yangu Nambua alishikwa uchungu akiwa njiani, akajifungulia kwenye kona ya Kwa Mchome, na mtoto tukamwita Kona. Sasa ni binti mkubwa, mkali, hataki kabisa kuelezwa asili ya jina lake.

Nguzo zote za kamba zilikwisha kusimama isipokuwa moja, ya kwenye genge. Baraza lilikuwa likae Alhamisi ya wiki ijayo kuipigia kura hiyo ya mwisho. Na Nambua alikuwa mjamzito tena.

*

Siku chache baada ya msiba wa babu, kijana mmoja alitokeza uani kwetu, anahema kama mvukuto, viatu vya mjini vimefunguka midomo.

"Hodi," akasema, akaketi chini kabla ya kukaribishwa.

"Karibu. Wewe ni Mchagga," nikamwambia.

"Umejuaje?"

"Umepanda mlima wote huu na macho yako bado yanatafuta duka la kununua."

Alicheka, kisha haraka akatazama punje juu ya mlango, akafunga mdomo. Kumbe hata yeye! Akajitambulisha: Aikaeli Mlay, fundi wa Sikio kutoka ofisi yao ya Moshi. Nikamletea maji, halafu makande ya jana, mahindi na maharage yake, nikaona anayatazama kwa adabu mno.

"Kula, Mangi. Huko kwenu mngekuwa mmeshaniuzia."

Akameza kijiko. Mdomo ukamcheza. Jibu lilikuwa limemjaa tele shavuni pamoja na maharage, na hakulitoa.

"Hiki ndicho kilichonileta," akasema, akiweka bakuli chini. Akatoa mfukoni punje nyingine, hii ikiwa nyeupe, akaiweka kati yetu juu ya mkeka. "Sikio limeanza kusikia kitu kisicho cha kawaida. Kimya. Kwenye misiba, harusini, sokoni. Tukafuatilia. Tukagundua Sikio halijui utani."

"Mmechukua muda."

"Sisi ni wasomi." Akajikuna kisogo. "Tunataka kulifundisha. Lakini anayetania hawezi kuwa mwalimu, kila mtani akiulizwa anaapa kwamba hakuwa anatania. Anayejua kama neno ni utani au ni tusi la kweli ni yule anayetaniwa. Kwa hiyo nahitaji Mpare."

"Wapare wako wengi."

"Anayeongea bure nimeambiwa yuko mmoja."

Nikampigia makofi moyoni. Kijana alikuwa hajafa kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Punje nyeupe ingetoa sauti zilizowahi kuokotwa, bila majina, na mimi ningesema "kweli" au "utani". Sikio lingejifunza kutoka kwangu namna ya kutofautisha, halafu lingerudi nyuma kuhesabu upya kila kitu, na Jumatatu lingetangaza.

"Kuhesabu upya," nikasema.

"Kila kitu."

"Jumatatu. Siku tatu kabla ya Alhamisi."

Alinitazama. Alikuwa ameziona nguzo wakati akipanda, zimesimama kama watu wanaosubiri mwenzao. "Nakijwa, nikuambie jambo ambalo sikutakiwa kukuambia. Ukilidanganya Sikio, halitajua. Mtu mwingine yeyote pumzi yake itamsaliti. Wewe umekulia utanini. Wewe unaweza kusema lolote, na likanyooka."

Ikawa hivyo. Mlinzi wa ghala ni mimi, na mwenye funguo ni mimi.

*

Tulianza asubuhi ya pili yake, chini ya paa la banda la tangawizi, harufu inawasha pua.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mzee: "Mvua isiponyesha, nitahama."

"Kweli," nikasema.

Ya pili, ya mwanamke: "Mpare akikupa mkono, hesabu vidole vyako."

"Utani."

Nyingi zilikuwa rahisi. Zingine zilinichekesha hadi Aikaeli akalazimika kusimamisha kazi. Kuna bwana mmoja alisema Wapare hawafugi kuku kwa ajili ya mayai, wanawafuga ili jirani awaibe wapate kesi. Nikasema utani, ingawa nilimfikiria Mzee Senkondo na dhamiri ikanisuta.

Halafu ikaja. Sauti ya kijana, nyuma yake glasi zinagongana: "Kura yangu kwa Makande!"

Nikamwona Nambua akilini, amelala kwenye machela, pale kwenye kona.

"Kweli," nikasema.

Pumzi yangu ikanyooka kama rula. Aikaeli hakuinua macho. Akaendelea. Ikaja nyingine ya namna hiyo: kweli. Na nyingine: kweli. Nilikuwa nikijenga nguzo ya mwisho kwa mdomo, jiwe juu ya jiwe, na hakuna aliyenizuia, na utadhani ningefurahi.

Mchana tulipopumzika nikamwuliza swali lililokuwa likinitekenya. "Kura zetu zinatoka wapi hasa? Mnaweza kuona?"

"Watu hatuwaoni. Milango tunaiona, kwa maeneo." Akabofya punje, ramani ikajitandaza juu ya mkeka, nyepesi kama moshi. Machame ilikuwa inawaka. Rombo inawaka. Kibosho, Marangu, Moshi mjini, zote zinawaka.

"Na huku kwetu?"

Upareni palikuwa giza kuanzia Mwanga hadi Same, isipokuwa cheche moja mlangoni kwetu, ile ya Mama Shose.

"Hamkukipa hata moja," Aikaeli akasema, akijitahidi kuwa mpole. "Tangu kianze. Chama chenu kimepigiwa kura na Wachagga peke yao."

Nilicheka nikaanguka kwenye gunia. Wapare! Tunabana hadi kura! Nikajiuliza ni lini mimi, katibu mwenezi, nimewahi kusema kwa mdomo wangu kwamba nakipa chama kura, na jibu lilikuwa lile lile la wenzangu. Nilikuwa nimeiweka akiba.

Aikaeli hakucheka pamoja nami. Alingoja nimalize, kisha akasema, "Kuna nyingine mbili nataka usikie. Hizi si za kufundishia."

Ya kwanza sikuhitaji kuambiwa ni wapi. Sauti ya kuita ng'ombe: "Hazikwi mtu hapa!" Kisha kicheko, kicheko kikubwa cha watu waliokuwa wamelia usiku kucha, na katikati yake sauti ya babu yangu, mgane wa siku moja, akicheka hadi kukohoa.

Ya pili ilikuwa benchi likilia, mtu akisafisha koo, viatu. "Poleni sana." Viatu tena. Msiba wa babu mwenyewe. Nikasubiri. Hakukuwa na kitu kingine.

"Na ukiendelea kusema kweli," akasema, "itakuwa hivyo. Watu hawatathubutu. Bibi yangu mimi tulimzika mwaka jana, watani wake Wapare walikuwa wamealikwa. Walikuja na risala ya chama. Wakasoma." Akavuta pumzi. "Bibi yangu alikuwa na kilema cha kunusa tumbaku kanisani. Hakuna hata mmoja aliyekitaja."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kijana hakupanda mlima kwa ajili ya ofisi.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia.

*

Mzee Senkondo nilimkuta barazani kwake, anasoma hati ya mashtaka kwa sauti, kama wengine wasomavyo zaburi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti. Huyu jirani yangu mti wake umeingiza kivuli kwenye kiwanja changu bila kibali."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza miwani ikiwa kwenye paji la uso, kisha akasimama, maana mzee yule hawezi kujenga hoja akiwa amekaa.

"Kwanza," akasema, "kura ni kura. Hakimu hamwulizi shahidi kama alikuwa anacheka. Pili, waliosema, walisema kwa hiari, wakiwa na akili timamu, ukiacha waliokuwa kwenye pombe ya mbege. Tatu, kamba inawafaa wote. Kwa hiyo sema kweli, kweli, kweli, mpaka Alhamisi ipite, halafu tutaangalia."

"Na baada ya Alhamisi kutakuwa na nguzo nyingine, Mzee. Au daraja. Au shule. Hatutakosa sababu."

"Viongozi ndivyo tulivyo," akasema bila aibu.

"Mzee, nikuulize. Siku yako ikifika..."

"Bado sana."

"Bado sana, ndiyo. Lakini ikifika, wakija Wamachame wakikaa kwenye benchi, mikono mapajani, poleni sana, Bwana ametoa?"

Akaketi. Sijawahi kumwona akiketi katikati ya shauri.

"Haiwezekani," akasema. "Nimeshakubaliana na Mama Shose. Jeneza langu litasimamishwa njiani, nisomewe mashtaka yote. Kivuli, mbuzi, mpaka wa bomba la maji, yote. Kesi ya mwisho." Sauti ikapungua. "Nimeshaandaa utetezi. Kijana wangu atausoma. Ni mzuri sana, Nakijwa. Kuna mahali nawanasa kabisa."

"Na kama hakuna wa kukushtaki?"

Kivuli cha mti wa jirani kikafika miguuni pake, na hakukiona.

"Nani hupenda kushinda kesi isiyo na mlalamikaji," akasema hatimaye. "Nenda kawaambie ukweli, mjukuu wangu. Lakini kamba, kamba inaniuma."

"Hata mimi, Mzee. Swali la mwisho. Wewe mwenyewe, uliwahi kukipa chama kura yako?"

Akateremsha miwani machoni kwa heshima kubwa. "Kura haigawiwi ovyo," akasema. "Nilikuwa naiweka."

*

Nilirudi bandani kesho yake, nikamwambia Aikaeli arudishe zile za jana. Kijana na glasi zake: utani. Yule mwingine: utani. Mama Shose na sufuria yake, siku ile ya kwanza kabisa: utani, utani mtakatifu. Nilikiua chama changu kwa neno moja nikilirudiarudia, na jambo la ajabu ni kwamba kadiri nilivyoendelea ndivyo kifua kilivyokuwa chepesi.

Nilidai ujira mmoja. Kila punje iwekewe taa: ikisikia kweli iwake kijani, ikisikia utani iwake njano. Watu wasiishi tena kwa kubahatisha kilichohesabiwa.

"Hilo linawezekana," Aikaeli akasema. Akaibofya punje nyeupe, kisha akachukua kijiko, akajaza makande, akanitazama machoni. "Haya makande yenu, mnayapika au mnayarithi?"

Punje nyeupe ikawaka njano. Tulishangilia kama waliofunga goli.

Jumatatu redio ikatangaza: Chama cha Makande, sifuri. Na Jumanne tukakizika.

Wazo lilikuwa langu, lakini Mzee Senkondo ndiye aliyeandika ratiba. Tulitia bendera ndani ya sufuria kubwa ya misiba, tukafunika, vijana wakaibeba mabegani kuelekea kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya ofisi ya chama. Tulipofika mbele ya mlango wake, msafara ukasimama. Mtu mrefu alikuwa amelala chali katikati ya njia.

"Hazikwi kitu hapa!" Mama Shose aliunguruma, na punje juu ya mlango wa ofisi ikawaka njano. Aliiona, akanyanyua kichwa, akahakikisha. Wachagga wote nyuma yake wakaiona. Mungu wangu, sijui nielezeje. Ilikuwa kama bwawa limepasuka.

"Funueni tuone kama kuna nyama! Hakuna? Ndiyo maana kimekufa!"

"Kimekufa kwa kiu, kilikuwa kinasubiri mwingine anunue!"

"Mwenyekiti, marehemu umemshtaki kwa kufa bila taarifa?"

Njano, njano, njano. Mzee Senkondo alikuwa analia na kucheka, leso moja kwa kazi zote mbili. Nambua alishika tumbo lake, akaniambia nimzuie mama yule, la sivyo mtoto ataitwa Ofisi.

Kisha Mama Shose akaketi, akauliza swali ambalo mtani lazima aulize. "Marehemu ameacha nini?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Ameacha yatima mmoja, Mama. Nguzo. Haijasimama."

Kwa mila, mtani anayetukana maiti ndiye huyo huyo anayechimba kaburi na kupika, na yatima hamkatai. Mama Shose aligeuka, mkono mrefu ukaingia kwenye umati, ukamtoa bwana mmoja mwenye tai: Mheshimiwa Ndetaramo Kimaro, diwani wa Chama cha Kesho, aliyekuja kuhakikisha kwa macho yake kwamba tumekufa.

"Huyu ana mdomo Barazani. Sema, mtani! Yatima unamchukua?"

Mheshimiwa akaona umati, akatabasamu tabasamu la jukwaani. "Ndugu zangu Wapare, chama changu kitaisimamisha nguzo hiyo haraka iwezekanavyo!"

Watu wote, Wapare kwa Wachagga, wakageuza shingo kuitazama punje.

Njano.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi Kenya. Mheshimiwa aliona njano ile, akalegeza tai. Nadhani hakuwahi kukutana na nafsi yake mbele za watu namna hiyo. Alitazama sufuria, akalitazama tumbo la Nambua, akaitazama njia mbovu aliyopanda kwa miguu, matope hadi magotini. Alipoongea tena ilikuwa sauti ndogo, ya mtu wa kawaida.

"Alhamisi nitaipigia kura. Na wenzangu nitawaomba. Kama watakataa sijui, lakini mimi nitaipigia."

Punje ikangoja. Ikawaka kijani.

"Ila kituo cha huku juu," akaongeza haraka, "jina tunatoa sisi."

Njano na kijani kwa pamoja. Hiyo hata mimi sikuifundisha.

*

Wenzake hawakukataa. Nguzo ilisimama, na mtoto wa Nambua akazaliwa hospitali kama watu, kitandani, akapewa jina la babu. Kituo cha juu kinaitwa Wabana-Kura. Jina limeandikwa kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa tambarare, na hakuna Mpare aliyelipinga, maana kuliandika upya kungekuwa gharama.

Siku ya kwanza ya kamba nilipanda kibanda kimoja na Mzee Senkondo. Aikaeli alikuwa amesimama mlangoni, eti anakagua punje iliyo juu yake. Siku hizi anakagua sana huku kwetu. Tulipoachia ukingo, magunia ya tangawizi tuliyopakia yakayumba, mlima ukabaki nyuma na kona ya Kwa Mchome ikapita chini yetu, ndogo, haina kazi tena.

Mzee alivua kofia. Akaitazama kona ile mpaka ikapotea. Kisha akasema kwa sauti nzito, ya mtu anayetoa kitu alichokificha miaka:

"Kura yangu kwa Makande."

Punje ikawaka njano.

"Hapana," mzee akasema. "Mimi nimemaanisha."

Njano.

"Ni kura yangu ya kwanza maishani! Nimeiweka miaka yote hiyo!"

Njano, na nadhani ilikolea. Aikaeli aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Mzee Senkondo akavaa kofia yake, akasimama wima katika kibanda kinachoyumba, akainyooshea punje kidole. "Wewe," akasema, "nitakushtaki."

Punje ikawaka njano tena, ikijiamini kabisa, kama mwanafunzi aliyekariri.

Nikasogea karibu nayo. Mwalimu ni mwalimu.

"Hilo la mwisho," nikaiambia, "rekebisha. Huyo hatanii."

Ikafikiri hadi tukapita nguzo ya genge. Kisha, taratibu, ikawa kijani.